Waya wa Gitaa la Mama Zipora

Vijana wangu, tangu nilipowakabidhi funguo za karakana mmekuwa mkiniuliza ule waya mwembamba wa shaba uliopigiliwa msumari juu ya mlango ni wa nini, na kwa nini nilikuwa nikimgombeza kila aliyetaka kuutoa. Nilizoea kuwajibu kwamba ni hirizi ya kuzuia wateja wasumbufu, nanyi mkanijibu kwamba haifanyi kazi. Sasa nimestaafu, nina meza yangu barazani, na madaftari yangu yote yako mbele yangu. Nitaeleza kwa mpangilio, kuanzia siku ya kwanza kazini, kwa sababu kosa lenyewe nilijifunza siku hiyo hiyo, na lilisubiri miaka mingi kabla ya kumfikia mtu.

Mimi ni mzaliwa wa Kipini. Nilikwenda Hola nikiwa kijana kujifunza kazi ya redio kwa Bwana Komora, Mpokomo mrefu mwenye sauti ya chini, aliyewahi kutunza mapampu ya maji kwenye mashamba ya umwagiliaji kabla ya kufungua kibanda chake sokoni. Hakuniuliza nimesoma hadi wapi. Aliweka mezani betri mbili ndogo za mraba, akaniambia, "Onja."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama mteja aliyekuwa amekaa pale, na mteja naye akanitazama kwa huruma.

"Onja, kijana wa Kipini. Zile ncha mbili, ziguse kwa ulimi."

Betri ya kwanza iliniwasha ncha ya ulimi kama ndimu yenye chumvi. Ya pili ilikuwa bubu.

"Ipi hai?"

"Hii."

"Basi umeshaanza kazi. Chukua ufagio."

Hivyo ndivyo tulivyopima. Mita ya kupimia umeme ilikuwapo, lakini ilikaa ndani ya kitambaa na kutolewa siku za heshima. Siku nyingine zote tulitumia ulimi na vidole. Bwana Komora aliweza kugusa betri sita mfululizo na kuzipanga kulingana na nguvu ya kila moja bila kukosea, huku akiendelea kubishana na mtu kuhusu bei ya samaki.

Somo la pili, jioni ya siku hiyo hiyo, lilihusu mvumo, ile sauti ya mmmm inayokaa chini ya muziki. Alinifundisha kwamba redio au spika ikivuma, mara nyingi kuna chuma ndani yake kilichoachwa peke yake. "Ikivuma, tafuta chuma kilicho uchi, ukifunge kwa waya kwenye bati la chombo. Itanyamaza." Na kweli ilinyamaza. Nimefunga nyaya hizo hata sijui ngapi, na kila mara mvumo ulipokatika mteja alinitazama kama mganga.

Naomba mshike jambo moja hapa. Kwenye meza ya Bwana Komora, karibu kila kitu kilikuwa cha betri. Chuma chetu cha kulehemu tulikipasha moto kwenye jiko la makaa. Ndiyo maana katika miaka yote ya kujifunza sikuwahi hata mara moja kupigwa na umeme. Nilikuwa fundi wa umeme asiyeujua umeme unavyouma, na sikuona chochote cha ajabu katika hilo.

Nilipohamia Garsen kuanza kazi yangu mwenyewe, mambo yalikuwa yale yale. Kibanda changu kilipakana na duka la Abdi, Msomali muuza sukari, majani ya chai, na vitambaa. Wateja wangu wengi walikuwa wafugaji wa Kiorma. Redio zao zilikuja zimefungwa kwa ngozi, zikinuka moshi na maziwa, na ndani yake nilikuta mende, mbegu za nyasi, na siku moja jino la mtoto ambalo hakuna aliyekubali kuwa ni lake. Kila kifaa nilikiandika daftarini: kifaa, ugonjwa, dawa. Nilipenda mpangilio huo, na nilipenda zaidi kuona safu ya tatu imejaa.

Halafu yakaja mafuriko ya mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba. Mnayajua, wazazi wenu wamewasimulia. Maji yalipoondoka nililetewa redio ambazo ukizifungua unamwaga tope kama uji. Nilizipanga juani mstari mrefu mbele ya kibanda, na watu wakapita wakizitazama kama watu wanaotambua maiti. Nilidhani baada ya hapo hakuna kifaa kitakachonishtua tena.

Katikati ya mwaka uliofuata akaingia Mama Zipora na gitaa limefungwa ndani ya leso mbili.

Alikuwa Mpokomo wa makamo, mjane, mwembamba, mwenye kusema maneno machache kana kwamba anayakopa. Alipiga gitaa katika kwaya ya kanisa lao dogo la udongo, mwendo wa nusu saa kutoka mjini kuelekea mtoni. Mwanamke kupiga gitaa lilikuwa jambo la kuzungumzwa pale Garsen, lakini lilikuwa limeshazungumzwa miaka ishirini, hivyo watu walikuwa wamechoka nalo. Gitaa aliachiwa na marehemu mumewe, aliyelinunua akifanya kazi Mombasa. Wakati wa mafuriko alilifunga kwenye boriti ya paa. Hata hivyo maji yalilifikia, nami baadaye niliona alama yake ndani, mstari wa kahawia ulionyooka kama uliochorwa kwa rula.

"Fundi Shee," akasema, "wanafungua kanisa upya. Ukuta umejengwa, wanawake wanapiga sakafu. Na mimi nimechoka kucheza nisisikike."

"Husikiki vipi, mama?"

"Ngoma zikianza, mimi ni mtu aliyebeba ubao. Mchungaji amesema kuna mtu Malindi ana kinanda cha umeme, kitasikika. Akija yule, mimi nakaa kwenye benchi." Akafungua fundo la leso, akatoa kibahasha. "Mwanangu ameniletea hiki kutoka Mombasa. Kinawekwa ndani ya gitaa. Unakijua?"

Sikukijua. Nilisema nakijua. Ni uongo ambao mafundi wote tunausema, na mara nyingi tunaugeuza kuwa kweli kabla mteja hajarudi.

Kilikuwa kinasa sauti cha gitaa: utepe mweusi mwembamba kama kamba ya kiatu iliyolowa, umeunganishwa kwa waya na kisanduku kidogo chenye nafasi ya betri, na mwisho wake tundu la chuma la kuchomekea waya wa amplifaya, mashine ya kukuza sauti. Nilisoma ile karatasi ya maelezo usiku na mchana kwa siku mbili. Kazi yenyewe ni hii. Juu ya tumbo la gitaa kuna kibao kilichogundishwa, tuliita daraja. Kwenye daraja kuna mfereji, na ndani ya mfereji husimama kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi zote sita. Utepe unalala chini ya mfupa huo na kuhisi jinsi unavyotetemeka. Unang'oa mfupa, unatoboa tundu dogo pembeni mwa mfereji kupitisha waya, unalaza utepe, kisha unausaga mfupa upande wa chini kwa unene ule ule wa utepe ili nyuzi zisipande.

Kutoboa gitaa la mtu ni jambo la kutisha. Redio ukiitoboa vibaya unaiziba kwa gundi na kipande cha bati. Gitaa ni mbao kavu na hewa, na hili lilikuwa la marehemu. Nilitumia keekee ya mkono, nikazungusha taratibu, na ncha ilipopenya nilisikia mlio mdogo wa mbao nikashtuka mwenyewe nikaruka nyuma. Nilipoingiza mkono tumboni kutafuta waya, nikakutana na kitu kigumu chenye mashimo. Nikautoa mkono haraka kuliko ulivyoingia. Kilikuwa kiota cha udongo cha nyigu, kikavu, kimejengwa vizuri kuliko kibanda changu. Nilikiweka kwenye rafu. Mama Zipora alipokiona alisema, "Kumbe nilikuwa na wapangaji."

Mfupa ndio ulionitesa. Niliusaga kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, kama karatasi ilivyoagiza, lakini mkono wangu uliegemea upande mmoja. Nilipofunga nyuzi, ule mwembamba kuliko wote haukusikika kabisa, ulinong'ona tu, kwa sababu upande wake mfupa haukuukalia utepe. Nikasaga tena kusawazisha, nikapitiliza, nyuzi zikashuka zikawa zinapiga makelele kwenye shingo ya gitaa. Nikaenda kwa mchinjaji wa Kiorma pale sokoni kuomba mfupa wa muundi wa ng'ombe.

"Wa supu?"

"Wa gitaa."

Alinitazama kwa muda, kisha akanichagulia mzuri. "Huyu ng'ombe alikuwa na sauti nzuri," akasema, na wenzake wakacheka hadi nilipofika barabarani.

Niliuchemsha, nikaukausha, nikaukata, nikausaga upya siku mbili. Safari hii nyuzi zote sita ziliongea sawa. Kwa tundu la chuma nilipanua shimo la kishikizo cha mkanda, kwenye kitako cha gitaa, kwa tupa ya mviringo, jasho likinidondokea puani. Mwisho nikaonja betri kwa ulimi kama nilivyofundishwa, nikaitia kwenye kisanduku, nikafunga.

Jumamosi, siku moja kabla ya kufungua kanisa, tulikwenda kujaribu dukani kwa Abdi. Yeye ndiye aliyekuwa na jenereta, aliyoinunua kwa ajili ya friji ya soda. Amplifaya ilikuwa ya zamani, kanisa liliiazima kwa watu wa mbali, yenye plagi ya meno mawili. Abdi aliiwasha mashine. Kila alipoishika, nilimwona, alisimama juu ya kipande cha ubao kilichokaa kando ya mashine siku zote. Niliuona ule ubao. Mimi ni mtu wa kuona vitu na kuviandika, na wakati ule ningeweza kuwaambieni ulikuwa wa mvule na ulikuwa na misumari miwili. Nilichokosa ni kumwuliza kwa nini.

Mama Zipora alipiga nyuzi mara moja. Sauti ilijaa duka, ikatoka nje, punda wa mkokoteni akageuza masikio. Mama akaacha mdomo wazi. Lakini chini ya sauti kulikuwa na mvumo mzito.

"Shee, hii kitu yako inalia kama ng'ombe amepoteza mtoto," Abdi akasema.

"Nipe dakika chache."

Nilifanya nilichofundishwa Hola. Nyuzi za gitaa ni chuma, na hazikuwa zimefungwa popote. Nikachukua waya mwembamba wa shaba, nikaupitisha ndani ya tumbo, nikauzungusha kwenye vifundo vya nyuzi zote sita, na ncha nyingine nikailehemu kwenye lile tundu la chuma, ambalo kupitia waya wa amplifaya linaungana na bati lake. Mvumo ukakatika. Abdi akapiga makofi. Nilijisikia kama Bwana Komora mwenyewe.

Mama Zipora akacheza wimbo nusu, kisha akasimama na kutazama mkono wake wa kushoto.

"Fundi, kuna kitu kinatembea vidoleni."

"Ni nyuzi mpya, mama. Zina ukali."

"Kama sisimizi."

"Zitazoea."

Alikuwa amevaa ndara za mpira, na sakafu ya Abdi ilikuwa saruji kavu. Jioni ile niliandika daftarini: Gitaa. Ugonjwa: mvumo. Dawa: waya.

Jumapili nilikwenda kanisani, ingawa mimi ni Mwislamu. Nilialikwa kwa ajili ya kazi yangu, na nilitaka kuisikia. Abdi alikuwa nje upande wa nyuma na jenereta yake, ameishusha kutoka kwenye mkokoteni na kuiweka juu ya udongo. Mlangoni kulikuwa na mlima wa viatu. Wanawake walikuwa wameipiga ile sakafu ya udongo wiki nzima na kuilainisha kwa mikono, na walikuwa wametangaza kwamba hakuna kiatu kitakachoingia, awe mchungaji awe nani. Asubuhi walikuwa wameinyunyizia maji ili vumbi lisipande. Ilikuwa sakafu nzuri, ya baridi, yenye giza la unyevu. Nilivua viatu nami nikasimama kando ya mlango.

Mama Zipora alisimama mbele, miguu mitupu. Waya ulichomekwa, amplifaya ikawashwa, ngoma zikaanza, kwaya ikashika wimbo, na yeye akaweka vidole kwenye nyuzi.

Akaanza kutetemeka.

Kwanza mabega, halafu kichwa kikarudi nyuma, macho yakafunguka yakatazama paa. Mwanamke mmoja kwenye kwaya akapiga kigelegele. Mwingine akajibu. Watu wakasimama, mikono juu, wimbo ukapanda, wakampigia makofi, wakasema Roho amemshukia siku ya kwanza kabisa, kwenye sakafu mpya. Na mimi, nitasema kweli, niliamini kwa muda wa pumzi mbili. Sikuwa mtu wa dini yao, nilidhani labda ndivyo inavyokuwa.

Kilichonizindua ni masikio. Mkono wake ulikuwa unatikisika kwenye nyuzi na spika ilikuwa kimya. Mtu akitikisa mkono kwenye nyuzi, gitaa hulia. Hili halikulia kwa sababu alikuwa amezishika, amezikaba, na hakuweza kuziachia. Nikaona vidole vyake vimekuwa vyeupe.

Nilipiga kelele, "Zima!" Hakuna aliyenisikia. Nikatoka mbio, nikazunguka ukuta, nikamwona Abdi amekaa juu ya debe anakunywa chai.

"Zima! Abdi, zima!"

Hakuuliza. Aliruka kwenye ubao wake, akazima. Ndani ngoma ziliendelea kidogo, zikapungua moja moja, kisha nikasikia watu wakinyamaza wote kwa pamoja.

Alikuwa amelala sakafuni, gitaa juu ya kifua. Alikuwa anapumua. Walimbeba kwenda hospitali kwenye ule ule mkokoteni uliokuja na jenereta, na kwaya ikamfuata ikiimba, wamefurahi, wanalia kwa furaha.

Nikabaki na Abdi. Alikuwa amebadilika rangi.

"Ule ubao," nikamwambia. "Kwa nini unasimama juu ya ubao?"

"Kwani wewe hujui? Hii mashine imenipiga mara mbili. Ukisimama chini, ukigusa chuma, inakupiga." Akanitazama usoni. "Mimi nilifikiri fundi anajua."

Baadaye niliifungua amplifaya nikaona kila kitu. Ndani yake kulikuwa na kapasita, kikopo kidogo cha kuhifadhi chaji, iliyochoka na kuvujisha umeme hadi kwenye bati la nje. Kutoka kwenye bati umeme ulifuata waya hadi kwenye gitaa. Hapo ungeishia, kama gitaa lingekuwa kama lilivyotoka kiwandani. Waya wangu uliupa njia hadi kwenye nyuzi, nyuzi zikaupa vidole vya Mama Zipora, naye, kwa miguu mitupu juu ya udongo ulioloa, akaurudisha ardhini ilipokaa jenereta. Kwenye redio ya betri waya ule ungekuwa dawa. Nilikuwa nimekitumia chombo cha jenereta kwa akili ya betri.

Jumatano nilikwenda hospitali. Nilikuwa nimeshasikia sokoni kwamba Mama Zipora amebarikiwa. Abdi aliniambia nikae kimya. "Hakuna mtu anajua, Shee. Wao wanafurahi, yeye yuko hai. Wewe unataka nini?" Nilijua tu kwamba daftari langu lilikuwa na maneno "Dawa: waya", na kwamba siwezi kuandika mstari mwingine chini yake mpaka huo usahihishwe.

Nilisubiri wanawake wa kwaya waondoke. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji.

"Mama, nimekuja kukwambia jambo."

"Sema, fundi."

Nikamwambia. Nilianza na kapasita, nikaona haisaidii, nikaanza upya na waya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama.

"Kwa hivyo haikuwa Roho."

"Habari za Roho sizijui, mama. Habari za waya nazijua. Ilikuwa waya."

Akauinua ule mkono wa bendeji. Kisha akasema, "Jana wameniletea mtoto mwenye homa. Wakauchukua huu mkono, wakamwekea kichwani. Huu mkono, Shee."

Niliitazama ile bendeji.

"Nilikwambia kuna kitu kinatembea."

"Uliniambia."

"Ukanijibu nyuzi mpya."

"Nilikujibu hivyo."

"Nenda."

Siku hizo sikufanya kazi ya maana. Nilikaa kibandani nikitazama kile kiota cha nyigu. Nilimwandikia barua Bwana Komora kule Hola, nikamweleza. Alinijibu mistari miwili: kwamba kwenye mapampu, kabla ya kufungua kibanda, aliwahi kumwona mtu akifa hivyo, na kwamba ndiyo sababu aliacha umeme mkubwa akachagua betri. Niliisoma barua ile nimesimama. Miaka minne nilikaa naye meza moja na hakuwahi kulitaja. Tangu siku hiyo nimewaambieni habari za ajali zangu zote, hata mlipopiga miayo.

Ilipita kama mwezi. Asubuhi moja Mama Zipora akaingia na leso zake mbili, akalaza gitaa mezani. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa na mistari myembamba ya kovu, imekatiza pale nyuzi zilipokuwa.

"Toa waya wako," akasema. "Kinasa kibaki."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama, nakiondoa chote, nalirudisha gitaa kama lilivyokuwa."

"Nimesema kibaki. Wewe ulisikia ile sauti dukani kwa Abdi?"

"Niliisikia."

"Na mimi niliisikia. Miaka ishirini nacheza nyuma ya ngoma. Sirudi huko kwa sababu ya ujinga wako." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Tengeneza. Jumapili utakuja kanisani, mashine ile ile, sakafu ile ile. Utawaambia watu ilikuwa nini. Mimi nimejaribu kuwaambia, wananiambia nanyenyekea. Halafu utavua viatu, utashika wewe kwanza."

Nilitoa waya. Nilibadilisha kapasita. Nilitengeneza athi, yaani nondo ndefu iliyozamishwa ardhini kando ya jenereta na kufungwa kwenye bati la amplifaya, ili umeme ukipotea ukimbilie huko na si kwa mtu. Mvumo niliupunguza kwa kubadilisha waya mbovu wa kuunganishia. Nilinunua testa ya taa, nikapima kila chuma kwenye gitaa na kwenye amplifaya, nikapima tena kesho yake. Taa haikuwaka. Sikulala vizuri hata hivyo.

Jumapili nikasimama mbele ya watu wasio wa dini yangu, nikawaeleza. Nilisema ilikuwa waya, nilisema ni mimi niliyeufunga, na nikasema mama aliniambia kuna kitu kinatembea vidoleni nami sikumsikiliza. Mchungaji alitazama chini. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amehubiri kuhusu Roho aliyeshuka siku ile. Nikasikia jenereta nje inavyohema. Kisha bibi mmoja wa kwaya, yule aliyepiga kigelegele cha kwanza, akauliza polepole, kama anayejiuliza mwenyewe:

"Kwa hivyo tulikuwa tunampigia makofi, na mwenzetu anakufa?"

Mama Zipora alichukua kata ya maji, akainyunyizia sakafu mahali alipokuwa amesimama siku ile, akainyunyizia vizuri, mbele na nyuma. Nikavua viatu. Udongo ulikuwa wa baridi chini ya nyayo. Niligeuka kutazama mlangoni nikamwona Abdi amesimama kwenye kona ya ukuta ambapo anaweza kuniona mimi na kuifikia swichi, mkono juu yake.

Nikazishika nyuzi zote sita kwa kiganja kizima.

Sikusikia kitu. Hakuna sisimizi, hakuna ndimu wala chumvi. Spika ikatoa mlio mbaya kwa sababu sijui kupiga gitaa, na mtoto mmoja akacheka.

"Endelea kushika," Mama Zipora akasema.

Nikaendelea. Alinitazama mikono, akanitazama miguu, akanitazama uso, kama mtu anayesoma mita. Sijui ni muda gani. Kisha akanyoosha mikono.

"Sasa nipe."

Akalivaa gitaa, akasimama kwenye unyevu ule ule kwa miguu mitupu. Vidole vyake vya kushoto vilisita juu ya nyuzi, nikaviona vikitetemeka, safari hii kwa woga tu. Akavishusha. Sauti ikajaa lile kanisa, ikapita kwenye madirisha yasiyo na vioo, na wapiga ngoma, ambao hawakuwa wameambiwa lolote, wakapunguza mikono yao ili wamsikie.

Wimbo ulikuwa na beti sita. Mkono wa Abdi haukutoka kwenye swichi mpaka alipomaliza ya mwisho.

Waya nilirudi nao mfukoni, nikaupigilia juu ya mlango. Testa iko kwenye droo ya kushoto. Ubao ulio chini ya meza ya jenereta, wenye misumari miwili, ni ule wa Abdi, aliniachia alipofunga duka. Na mteja akikwambieni kuna kitu kinatembea vidoleni, wekeni kila kitu chini.